Mkalimani, mfasiri na mashine ya IBM 704

Kila ninapowasikia wenzangu kazini wakibishana kuhusu lugha ipi ya programu ina kasi kuliko nyingine, kuna hoja moja ambayo hujitokeza mapema na kupita bila kuhojiwa: kwamba hapo zamani kompyuta zilikuwa ghali na watu walikuwa rahisi, ndiyo maana maagizo ya mashine yaliandikwa kwa mkono, kisha kompyuta zikashuka bei, watu wakapanda bei, na lugha za kiwango cha juu, zile zinazoandikwa kwa fomula na maneno badala ya maagizo ya mashine, zikajipatia nafasi. Masimulizi hayo yanatiririka vizuri, lakini hayakubaliani na tarehe. Kompaila ya FORTRAN, yaani programu iliyoigeuza lugha hiyo ya kiwango cha juu kuwa maagizo ya mashine, ilianza kuwafikia wateja wa IBM mwezi Aprili 1957, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima, kodi yake ililipwa kwa mwezi, na dakika zake ziligawiwa kwa zamu. Bei ilikuwa bado haijashuka. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba mashine ilikuwa imepata kasi, na kwa maoni yangu jambo la kuvutia zaidi katika historia hii ni kwamba kasi hiyo haikuzirahisishia lugha za juu kazi ya kukubalika. Iliziumbua.

Ili hilo lieleweke, inafaa kuanza na mashine iliyotangulia. IBM 701, ambayo wateja walianza kuitumia mwaka 1953, haikuwa na maagizo ya nukta elea, yaani haikujua yenyewe kujumlisha wala kuzidisha namba zinazobeba kipeo chao, zile ambazo mhandisi anazihitaji kila siku kwa sababu hesabu moja inaweza kuchanganya mamilioni na visehemu vya elfu. Haikuwa pia na rejista za faharasa, ambazo ni vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji vinavyoshika hesabu ya mahali tulipofika katika orodha ya namba. Mwandishi wa programu aliyetaka kupitia orodha ya namba 100 alilazimika kuifanya programu ijibadilishe yenyewe: ilisoma agizo lake katika kumbukumbu kana kwamba ni namba, ikaongeza moja kwenye anwani iliyomo, ikalirudisha mahali pake, kisha ikalitekeleza upya. Anayesema kuwa kuandika kwa mkono kulikuwa ufundi anasema kweli, lakini sehemu kubwa ya ufundi huo ilikuwa kufidia vitu ambavyo mashine haikupewa.

John Backus na wenzake wa IBM walitengeneza kwa ajili ya 701 mfumo ulioitwa Speedcoding, ambao ulimpa mwandishi mashine ya kufikirika yenye nukta elea na rejista za faharasa. Maagizo ya mashine hiyo ya kufikirika yalisomwa moja baada ya jingine na programu nyingine iliyoyatekeleza kwa niaba yake. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa sisi tunamtenga mkalimani na mfasiri. Mkalimani husimama kando ya msemaji, husikia sentensi, huigeuza papo hapo, na msemaji akiirudia sentensi ileile mara elfu moja, naye ataigeuza mara elfu moja. Mfasiri huketi na maandishi mpaka ayamalize, akakabidhi kitabu, na baada ya hapo msomaji hana haja naye. Speedcoding ilikuwa mkalimani. Kompaila ni mfasiri.

Mkalimani huyo wa 701 alivumilika kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau. Hesabu za nukta elea zilifanywa kwa vijiprogramu vyenye maagizo mengi, iwe umeandika kwa mkono au umetumia Speedcoding, na vijiprogramu hivyo vilimeza sehemu kubwa ya muda wa mashine. Muda aliouongeza mkalimani ulijificha ndani ya muda ambao ungepotea hata asingekuwapo.

Mwaka 1954 IBM ilitangaza 704, ambayo usanifu wake uliongozwa na Gene Amdahl. Ilikuwa na neno (kipande kimoja cha kumbukumbu) la biti 36, kumbukumbu ya viini vya sumaku, rejista 3 za faharasa, na nukta elea ndani ya saketi zenyewe, kiasi cha kuweza kufanya jumlisho kama hizo zipatazo 12,000 kwa sekunde. Kwa mwandishi wa maagizo ya mkono hii ilikuwa neema. Kwa mkalimani ilikuwa balaa, kwa sababu sasa kazi yenyewe ilikuwa agizo moja, na kila kilichozunguka agizo hilo, yaani kulisoma, kulitambua, kutafuta anwani na kurudi, kilionekana waziwazi kama gharama isiyo na kisingizio. Mifumo iliyokuwapo haikusaidia kuwatuliza watu. Mfumo wa Laning na Zierler kwenye kompyuta ya Whirlwind, katika chuo cha MIT huko Marekani, ulipokea fomula za aljebra zinazosomeka vizuri kabisa, lakini programu zake zilikwenda polepole takriban mara 10 kuliko zile za mkono. Basi mwandishi wa mwaka 1954 aliyesema kwamba kompyuta haiwezi kujiandikia maagizo mazuri hakuwa mkaidi wala mlinzi wa ulaji wake tu. Alikuwa ameona ushahidi.

Backus mwenyewe alikuwa ameanza kulifikiria jambo hili kabla ya hapo. Mwishoni mwa 1953 alimwandikia mkubwa wake, Cuthbert Hurd, akiomba ruhusa ya kutengeneza mfumo wa kufasiri fomula kwa ajili ya 704, na hoja yake ilikuwa ya kihasibu kuliko ya kitaaluma. Katika vituo vya kompyuta vya wakati ule, gharama ya waandishi wa programu kwa kawaida ilifikia au kupita gharama ya kompyuta yenyewe. Na kati ya robo na nusu ya muda wa kompyuta ilitumika kusaka makosa. Ukijumlisha mambo hayo mawili, unakuta kuandika na kusahihisha kunaweza kula hadi robo tatu ya gharama ya kuendesha kituo kizima. Zingatia sehemu ya pili ya hoja. Anayepima programu mbili kwa saa huku zote mbili zikiwa tayari na sahihi anahesabu tu muda wa mashine unaoonekana, na anasahau saa zote ambazo mashine ileile ilizitumia kuendesha programu mbovu. Programu ya mkono iliyookoa dakika 5 kila usiku huenda ilikwishatumia saa 20 za mashine kabla ya usiku wa kwanza.

Hata hivyo, na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi watu wale, hawakuifanya hoja hiyo kuwa kichaka cha kujifichia. Wangeweza kusema kwamba hasara ya kasi inafidiwa na urahisi, kama wanavyosema wengi leo. Badala yake Backus aliamini kwamba iwapo programu ya kawaida ya kisayansi ingetoka katika FORTRAN ikiwa na nusu tu ya kasi ya ile ya mkono, mfumo wote ungekuwa hatarini kukataliwa. Nusu ndiyo iliyokuwa ukingo wa shimo, na ilikuwa karibu sana. Tazama kitanzi hiki, yaani maagizo yanayorudiwa tena na tena, ambacho ni kiini cha kuzidisha matriki (majedwali ya namba) mbili:

      DO 10 K = 1, N
   10 S = S + A(I,K) * B(K,J)

Katika kumbukumbu hakuna matriki. Kuna safu moja ndefu ya maneno, na ili kuipata A(I,K), namba iliyo katika mstari wa I na safuwima ya K, ni lazima ujue idadi ya mistari ya A, uizidishe kwa nafasi ya safuwima, kisha uongeze nafasi ya mstari. Kompaila isiyo na akili ingefanya hivyo kila mara, kwa A na kwa B, ndani ya kitanzi kinachozunguka maelfu ya mara. Kwenye 704 zao moja (kuzidisha mara moja) la nukta elea lilichukua takriban mikrosekunde 200, na jumlisho la nukta elea takriban 84. Zao la namba nzima nalo lilipita mikrosekunde 200. Kwa hiyo mazao mawili ya kutafutia anwani yangechukua muda mwingi kuliko hesabu tuliyokusudia kuifanya, na kompaila ingekuwa imekwisha kuvuka ukingo wa nusu kabla hata hatujazungumzia kosa jingine lolote.

Mwandishi wa mkono hakuzidisha chochote kutafuta anwani. Aliona kwamba K inapoongezeka kwa moja, mahali pa B panasogea neno moja na mahali pa A panasogea kwa idadi ya mistari yake, hivyo akaweka nafasi hizo mbili katika rejista mbili za faharasa na kuzisogeza kwa kujumlisha au kutoa tu. Zaidi ya hayo, 704 ilikuwa na agizo lililoitwa TIX, ambalo kwa mpigo mmoja lililinganisha rejista, likaipunguza, na kuruka kurudi mwanzo wa kitanzi. Kitanzi chote kilitimia kwa maagizo 6 hivi. Kompaila iliyotaka kuheshimiwa ilipaswa kutoa maagizo 6 hivi.

Kazi hiyo iliwachukua takriban miaka-mtu 18, ukihesabu miaka ya kila mmoja na kuijumlisha, na kompaila iliyopatikana ilikuwa na sehemu 6 zilizofuatana. Robert Nelson na Irving Ziller walishughulikia sehemu iliyochunguza vitanzi na viambishi vya safu (zile I, K na J ndani ya mabano), ile iliyogeuza mazao kuwa jumlisho kama nilivyoeleza. Ujanja ulikuwa kujifanya mashine ina rejista za faharasa zisizo na idadi, kutoa maagizo mazuri kwa mashine hiyo isiyokuwapo, kisha kuziachia sehemu za mbele tatizo la kuzibana rejista hizo zote ndani ya 3 zilizopo. Kwa hilo ilihitajika kujua ni maeneo gani ya programu yanapitiwa mara nyingi, na Lois Haibt aliandika sehemu iliyoichora programu kama mtandao wa njia na kisha kuitembea kwa bahati nasibu, mara nyingi, ikihesabu kila njia imepitiwa mara ngapi. Mwandishi aliyejua mapema kwamba tawi fulani hupitiwa mara chache aliweza kuidokezea kompaila kwa kauli ya FREQUENCY. Baada ya hapo sehemu ya Sheldon Best iligawa rejista 3 kufuatana na hesabu hizo, na ilipolazimika kuondoa thamani moja ili kupisha nyingine, iliitoa ile ambayo ingechelewa zaidi kuhitajika tena.

Nakumbuka niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba kompaila ya 1957 iliiga mwenendo wa programu kwa bahati nasibu ili kugawa rejista 3, nilisimama na kusoma upya. Mbinu ya namna hiyo nilidhani ni ya kizazi changu.

Kilichofuata kiliwashangaza hata wao. Walipoyatazama maagizo yaliyotoka, mara nyingine walikuta hesabu zimehamishwa kutoka zilipoandikwa, ndani ya kitanzi kwenda nje, au kauli iliyoonekana kuwa na kazi nyingi imebakiza maagizo machache, na walilazimika kuifuatilia programu kwa makini kabla ya kuthibitisha kwamba matokeo ni sahihi. Ninaifahamu hali hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilitumia karibu wiki mbili kuandika kwa asembli, yaani agizo moja moja la mashine kwa mkono, kitanzi cha kuchuja picha, nikiamini kuwa naifahamu kichakataji yetu kuliko kompaila yoyote. Nilipokuja kuilinganisha na toleo la lugha ya C, ya kiwango cha juu, nililokuwa nimeliandika asubuhi moja, la C lilikuwa na kasi zaidi, na nilihitaji siku nzima na daftari kuelewa ni kwa nini. Kompaila ilikuwa imekichukua kitanzi changu cha nje na kukifanya cha ndani.

Ushindi wa FORTRAN, hata hivyo, ulikuwa na bei ambayo mara nyingi haitajwi: lugha ilikunjwa ili iingie katika mashine. Kiambishi cha safu hakikuruhusiwa kuwa hesabu yoyote upendayo. Kilipaswa kuwa namba isiyobadilika kuzidisha kigeugeu (jina lenye thamani inayobadilika), kisha kuongeza au kutoa kitu kisichobadilika, kwa sababu umbo hilo tu ndilo sehemu ya Nelson na Ziller iliyoweza kuliponda hadi likawa jumlisho. Safu zilikomea kwenye vipimo 3, na mashine ilikuwa na rejista 3 za faharasa. Mimi sioni bahati hapo. Majina yalikomea herufi 6, kwa kuwa neno la biti 36 hubeba herufi 6 za biti 6. Namba nzima katika programu zilipaswa kuwa chini ya 32,768, ukubwa uleule wa anwani za kumbukumbu, jambo linaloonyesha kwamba namba nzima zilifikiriwa kuwa ni za kuhesabia vitanzi na nafasi, si za kuhesabia fedha. Kauli ya IF iligawanyika njia tatu, kwa hasi, sifuri na chanya. Safu zenyewe zilihifadhiwa kinyumenyume, kutoka anwani kubwa kwenda ndogo, kwa sababu rejista za faharasa za 704 hazikuongeza kwenye anwani bali zilitoa.

Basi anayesema FORTRAN ilimtenga mwandishi na mashine atazame tena orodha hiyo. Lugha za baadaye zilizokataa kukunjwa namna hiyo, kama ALGOL 60 iliyoruhusu kijiprogramu kujiita chenyewe na safu ambazo ukubwa wake haujulikani hadi programu inapoendeshwa, zilikuwa nzuri zaidi kuzisoma, na zililipa uzuri huo kwa muda wa mashine. FORTRAN iliweza kuipangia kila data anwani yake kabla programu haijaanza, na hapakuwa na kazi ya kugawa kumbukumbu wakati programu inaendelea.

Wakati timu hiyo ilipoeleza kazi yake katika mkutano wa kompyuta huko Los Angeles, Februari 1957, walitoa mfano mmoja ambao naupenda kwa sababu haujapambwa. Mtu mmoja alihudhuria mafunzo ya siku moja, akapitia mwongozo, kisha akaandika kazi yake kwa saa 4 katika kauli 47 za FORTRAN. Kompaila ilizifasiri kwa dakika 6 na kutoa maagizo yapatayo 1,000. Matokeo ya kwanza yalikuwa na kosa. Aliyatazama matokeo tu, bila kuichapa kumbukumbu nzima kama ilivyokuwa desturi, akagundua kauli aliyoikosea, akairekebisha, na kazi ikawa imekwisha. Kwa makadirio yake, kuiandika kwa mkono kungemchukua siku 3, pamoja na muda usiojulikana wa kusaka makosa, na asingepata ongezeko la maana la kasi. Miezi miwili baadaye, katika maabara ya Westinghouse-Bettis karibu na Pittsburgh, waliopokea furushi la kadi zenye kompaila bila mwongozo wowote waliingiza programu yao ya kwanza, na mashine ikawajibu kwamba katika kauli fulani mabano yamefungwa bila kufuatiwa na koma. Programu ya mkono isingekuambia hivyo. Ingeendelea tu kukupa namba.

Dakika zile 6 za kufasiri, lakini, zilikuwa dakika za mashine vilevile, na mwenye programu kubwa alizilipa upya kila aliporekebisha herufi moja, kwa sababu FORTRAN ya kwanza ilifasiri programu yote kwa pamoja. FORTRAN II, mwaka 1958, iliruhusu vijiprogramu vifasiriwe kila kimoja peke yake, na huo ulikuwa unafuu mkubwa kuliko mbinu nyingi za kasi. Tena, kompaila inayotumia nguvu nyingi kung'arisha maagizo inamfaa mtu ambaye programu yake itaendeshwa kila usiku kwa mwaka mzima, na haimfai mwanafunzi ambaye programu yake itaendeshwa mara moja, itoe kosa, na kutupwa. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilipata jibu la hilo mwaka 1965 kwa kompaila iliyoitwa WATFOR: ilifasiri haraka mno, ikaeleza makosa kwa ukarimu, na haikuhangaika sana na ubora wa maagizo. Lugha ni ileile, hesabu ya gharama ni kinyume kabisa, na kila upande ulikuwa sahihi kwa kazi yake.

Mwaka 1971 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alichapisha uchunguzi wa programu za FORTRAN za watu wa kawaida, akaonyesha kwamba chini ya asilimia 4 ya programu huchukua zaidi ya nusu ya muda wake wa kuendeshwa. Kwa hiyo mwandishi wa mkono wa miaka ya 1950 aliyeng'arisha kila agizo, toka la kusoma kadi ya kwanza hadi la kuchapa mstari wa mwisho, alikuwa akitia jasho kubwa mahali ambapo halikuonekana, na bado alikuwa na haki katika ile asilimia 4. Haki hiyo haijafutika. Mwanzoni mwa karne hii Kazushige Goto, akiwa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, aliandika kwa asembli, kwa mkono, akipanga data ipite katika kumbukumbu za karibu za kichakataji kwa utaratibu ambao kompaila za wakati huo hazikuweza kuubuni, na maktaba yake ya vijiprogramu ikawa miongoni mwa zenye kasi zaidi duniani. Kitanzi alichokuwa akihangaika nacho kilikuwa kile cha kuzidisha matriki.